Neno "Home" na Mafiga ya Mama

Jumatano, kijiji kipya

Kamusi inajua mengi mno. Eti "home" ya Waingereza ni nyumba, ni nchi, ni mahali wanapotunzwa yatima, na zamani za kale maana yake ilikuwa kijiji. Nimeyaandika yote ubaoni leo. Wanafunzi wangu, waliohamishwa kwa lori kama mimi, wameyanakili tu madaftarini.

Nimerudi nikamkuta mama anapikia juu ya matofali. Mafiga aliyoyabeba kutoka tembe letu, nyumba yetu ya zamani, bado yamo guniani.

"Shikamoo mama. Tuyapange basi haya mafiga."

"Marahaba. Nitayapanga nikirudi kwa baba yako."

Baba tulimzika zizini, kama wazee wote.

Nimeshindwa kumwambia. Juzi nilipita kule tembeni. Trekta limelima zizi lote, mpaka juu ya kaburi.