Shati la Deusi Ndani ya Mfarishi

Rwamishenye, Bukoba
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo waitu. Natumaini ule mguu umeacha kuvimba na kibanja kimepata mvua. Mimi ni mzima wa mwili na kazi ipo, ila moyo hautulii, na ukisoma utaona sababu.

Nimeandika herufi kubwa kwa makusudi. Ma Paskazia alipokuja huku mjini aliniambia kwamba tangu uanze masomo ya watu wazima unasoma mwenyewe, hata gazeti la ukutani pale shuleni. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia barabarani. Basi hii isome mwenyewe. Usimpe katekista, na safari hii usimpe Tata, mumeo, akusomee. Ndiyo maana nimempa Ma Paskazia mkononi badala ya kupeleka posta. Ningekuja mwenyewe, lakini basi la Muleba linatembea siku likipata mafuta, tena nyumbani kwangu kuna mtu nisiyeweza kumwacha.

Kazi yangu bado ni ile ile ya mifarishi kwa Mama Gulshan. Jengo lao serikali imelichukua, wanawe wamekwenda Uingereza, yeye amebaki katika chumba cha nyuma na cherehani zake mbili. Nguo zimeadimika madukani, kwa hiyo wanawake wa mjini hawatupi tena kitambaa chochote. Wanaunganisha viraka kwa mkono nyumbani kwao, wanatuletea uso wa mfarishi uliokamilika. Mimi natandika bitana chini, pamba katikati, uso wao juu, napiga bandi za kushikiza, kisha napitisha cherehani mstari kwa mstari mpaka vitu vitatu vinakuwa kimoja.

Sasa sikiliza. Alikuja mwanamke mmoja mgeni, mwembamba, lafudhi yake ya Ukerewe. Alisema anaitwa Sabina, anapikia wavuvi kambini, kisiwa cha Goziba. Alileta uso wa mfarishi mdogo, wa kulaza mtoto. Nilipoutandika mezani niupime, nikaona vipande vya kitambaa cheupe, na kando yake kijani chenye maua. Mama, kile kijani ni cha gomesi yako, lile gauni lako la kanisani. Nilijiambia gomesi za namna ile ni nyingi. Lakini kwenye kipande cheupe palikuwa na alama ya mraba, peupe kuliko kwingine, na matundu ya sindano kuuzunguka. Unakumbuka shati nililomshonea mdogo wangu Deusi alipokwenda seminari, ukaniambia niweke kifuko cha rozari kwa ndani, na kola niipambe kwa mabaki ya gomesi yako? Ni lile.

Nikamuuliza bila kuinua uso, "Nguo hizi umezipata wapi?"

"Kafa ulaya," akajibu. "Nguo kuukuu za Wazungu, zinauzwa huko visiwani."

Kafa ulaya gani ina alama ya kifuko cha rozari nilichoshona kwa mkono wangu? Niliendelea kupima. Akili yangu ilikimbia kila mahali. Labda wameiba seminari. Labda Deusi amepata ajali wakagawana nguo zake. Mbona likizo hakuja? Mbona salamu zake zote zinapita kwa Tata?

Aliporudi kuchukua kazi yake nikamwambia pamba haijaja kutoka Mwanza. Akaondoka, akarudi tena, nikamwambia hivyo hivyo. Nilimchunguza anavyokaa, anavyoshika kitambaa, nani anamsubiri nje. Hakuna aliyemsubiri.

Mama Gulshan aliona. "Leokadia, pamba imejaa stoo. Unamdanganya mteja kwa nini?"

Nikamweleza. Alikishika kile kiraka, akakisogeza dirishani, akasema, "Basi acha kumvizia. Muulize kwa jina."

Siku aliyorudi Sabina niliuweka mfarishi mezani, umekwisha, nikaweka mkono juu yake. "Hautoki hapa mpaka Deusi aje auchukue mwenyewe."

Hakuuliza Deusi ni nani. Alikaa chini kwenye baraza, akashika tumbo, na hapo ndipo nilipoona lile gauni pana lilikuwa linaficha nini. "Kifuko nilikifumua mimi," akasema. "Kila alipokishika alikuwa analia. Nikaona afadhali kitoke."

Sabina alimpelekea habari, na Deusi akaja, Mama. Alikuja na boti ya samaki, amekuwa mweusi kwa jua, viganja vimepasuka kwa nyavu. Nilimpiga kofi kabla sijamsalimia, kisha nikalia, naye akalia.

"Umetoka seminari lini?"

"Tangu masika. Sikufukuzwa, dada. Nilimwambia gombera, mkuu wetu, kwamba sina wito, akanielewa."

"Na Mama anakuombea kila siku uwe padri!"

"Tata anajua," akasema.

Nilimwambia aseme tena, akasema tena. Eti gombera alimwita Tata, na Tata akaenda. Ni ile safari aliyokuambia ni mkutano wa ushirika wa kahawa. Eti walikaa wawili nje ya geti, Tata akamwambia, "Mama yako jumuiya nzima inamwita Mama Padri. Ukimvua jina hilo utamuua. Kaa mbali mpaka nitakapokuita." Hakumwita.

Unakumbuka aliporudi kutoka mkutano ule akakuambia Deusi amenenepa na anakusalimia? Na baadaye, kwamba likizo wanabakizwa kulima shamba la seminari? Ulinieleza wewe mwenyewe, ukicheka kwamba mapadri nao sasa wanafanya ujamaa. Tangu Deusi aliposema haya, kila salamu aliyotuletea Tata naigeuza geuza kama kitambaa chenye doa.

Lakini hata Deusi simwamini kwa yote. Kwanza alisema Tata alimsindikiza mpaka kwenye boti. Juzi akasema alikwenda mwenyewe, Tata hakujua ni kisiwa gani. Nilipomkumbusha akainamisha kichwa, akasema nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Labda anamsingizia Tata ili hasira yako igawanyike. Labda anamfichia Tata jambo lingine. Sijui, na kutojua huku kunaninyima hamu ya kula.

Sabina nimembakiza kwangu pamoja na Deusi, maana siku zake zimekaribia na kule Goziba hakuna mkunga. Anaamka mapema, anafagia, ananipikia ndizi za ebitoke kama aliyezaliwa kwetu. Bado namtazama. Ana kifurushi anachokificha chini ya kitanda. Jana alikifungua mbele yangu bila kuombwa, kumbe ni nepi tu, amezikata kwenye mifuko ya unga. Niliona aibu, nikatoka nje.

Deusi aliniomba nisikuandikie. Nimekataa. Huyu atakayezaliwa ni mjukuu wako, na sitaki aanze maisha kwa kufichwa.

Basi Mama, ukimaliza kusoma usimuulize Tata chochote. Ukimuuliza atatafuta maneno. Mwambie hivi tu, mkiwa mnakula: "Deusi yuko Bukoba kwa dada yake." Kisha umtazame uso. Umeishi naye miaka mingi, wewe utajua kama anashtuka kwa habari mpya au kwa kukamatwa. Halafu njoo, hata kwa lori la ndizi. Njoo ukiwa na hasira, nitakupokea na hasira zako.

Nisalimie bibi, mwambie dawa ya kifua nitampa Ma Paskazia akirudi tena. Nisalimie shangazi mwenye kibanja cha chini, na shemeji fundi baiskeli. Jirani zako wa jumuiya wasalimie kwa jina la Kristo, wakikuita Mama Padri waitikie tu kwa sasa.

Na Tata pia msalimie, lakini umtazame kwanza.

Ni mimi mwanao,
Leokadia