Baba Bujiku, Uliyeambiwa Urudi Ukiumwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukulaze Kasoli ubavuni mwa mama yako, siku ile mvua ya kwanza ya msimu iliponyesha kabla hatujamaliza kufukia. Wengine huandika kwamba maumivu yamepoa. Ya kwetu yamegeuka kinyaa, na leo tutakisema, maana hukuwapenda watu wanaomung'unya maneno.

Ulikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, na hukuwahi kurudi nyumbani na vumbi la pamba kichwani. Ulioga kazini, ukabadili nguo, ndipo ukapanda baiskeli. Hata ovaroli ilipigwa pasi. Mama alikutania kwamba ameolewa na mtu anayekwenda harusini kila siku.

Msimu wa kulima ulipofika, majembe ya ng'ombe ya nusu ya kijiji yalijaa uani kwetu yakingoja mkono wako. Malipo yako yalikuwa bakuli la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, ulilokula umesimama huku ukimuuliza mwenye jembe habari za wanawe, mmoja mmoja. Kanisani uliimba besi. Watoto wadogo uliwaamkia wewe kwanza, "Mwangaluka," nao wakacheka kwa kuwa mtu mzima amewaamkia.

Babu Mahona alipofariki akitokwa damu, ukoo ulisema karogwa. Shangazi Milembe alipofuata kwa ugonjwa uleule, walianza kutafuta jirani wa kumlaumu. Wewe ulikataa. Ulikwenda kwa daktari mjini Bariadi ukamweleza jinsi wote wawili walivyokufa. Akakueleza kwamba kwa dalili hizo huenda ilikuwa saratani ya utumbo mpana, kwamba huweza kurithiwa katika familia, na kwamba mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma, ambacho daktari akikiona kwa kamera hukitoa kabla hakijaharibika. Akakushauri upimwe ungali mzima. Ulirudi ukatusimulia sote wakati wa chakula, wageni wakiwepo, bila aibu ya kutaja haja kubwa.

Kisha ukavaa shati jeupe ukaenda kuomba kipimo hicho cha kamera kwenye ofisi ya kampuni ya bima ambayo kiwanda kiliingia nayo mkataba. Ofisa alikuuliza kama unatokwa damu, ukasema hapana. Akauliza kama una maumivu, ukasema hapana. Akakurudishia kadi.

"Mzee, kadi hii ni ya wagonjwa. Rudi ukiumwa."

Ulitusimulia hilo ukitikisa kichwa, ukasema utauza pamba uende Mwanza kwa fedha yako. Mwaka ule mvua ilikatika mapema, pamba ikakauka kabla ya kupasuka. Ukasema basi, msimu ujao. Msimu uliofuata ukaiona damu.

Ukaumwa, kama ulivyoagizwa. Madaktari Mwanza walikupasua, wakakata kipande cha utumbo, wakakutolea njia ya haja tumboni ili ipokelewe na mfuko. Walikuhudumia kwa moyo, na tunawashukuru. Zilibaki dawa za dripu, kwa sababu ugonjwa ulishafika kwenye ini. Ulikuwa umeanza kuzizoea, umeanza hata kudai michembe yako, ndipo bima ikasimamisha malipo.

Mimi Joyness, binti yako, ndiye niliyekushika mkono tukaingia tena ofisi ileile, kwa ofisa yuleyule. Alisema mkataba huanza upya kila mwaka, na ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya mkataba wa mwaka huu, hivyo hawaulipii. Ukamuuliza amejuaje kwamba ulikuwepo.

"Wewe mwenyewe ulikuja kuomba kipimo," akasema. "Ina maana ulijua."

Ukamjibu kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naogopa, mwanangu. Kuogopa si kujua."

Akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Nje ya ofisi nilitapika, Baba. Nilikuwa sijala kitu kibaya. Ni yale maneno. Na wewe mgonjwa, usiyeweza kusimama bila kuegemea ukuta, ukanishika mgongo, ukanifuta mdomo kwa leso yako iliyopigwa pasi, ukaniuliza kama niko sawa.

Hata mifuko ya haja waliikataa. Walisema ni vifaa vya usafi, si matibabu. Tuliuza mbuzi tukanunua, na ilipokwisha Mama aliifua iliyotumika, akaianika nyuma ya nyumba. Ilipoanza kuvuja alishona vitambaa. Ukaacha kwenda kanisani kwa sababu ya harufu, wewe uliyekuwa ukioga kabla ya kupanda baiskeli. Wanakwaya walikuja nyumbani, ukawaomba wasimame uani, upande upepo unakotoka. Ukaimba besi yako kutoka ndani, dirisha likiwa wazi. Wapo waliosema tukio lile liliwagusa mioyo. Sisi hatutaki kuambiwa kwamba lilikuwa zuri. Ilikuwa fedheha, na walioileta walikuwa wameketi kwenye viti vyao, wamekunywa chai.

Ulifariki kitandani kwako, mkono wako ukiwa mkononi mwa Mama.

Siku ya mazishi, kampuni ile ilimtuma kijana mwenye shada la maua, utepe una jina lao. Alikuja pia na mpiga picha. Alitaka Mama alipokee shada kando ya kaburi, wapigwe picha. Mama hakupiga kelele. Alilishika lile shada, akamrudishia kijana kifuani.

"Mume wangu aliwaomba kamera akiwa hai mkamnyima," akasema. "Leo mmeileta kaburini."

Mpiga picha akashusha kamera yake. Yule kijana akalibeba shada mwenyewe hadi kwenye gari, kijiji kizima kikimtazama.

Baba, yapo ya kukueleza. Baba mdogo Limbu, ndugu yako aliyeapa kwamba hakuna atakayemwingiza mpira wa kamera kwa nyuma angali na akili zake, alimfungua ng'ombe zizini baada ya arobaini yako akampeleka mnadani. Hakwenda kumwomba ofisa yeyote. Alitubeba sisi wanao watatu, mimi, Salu na Dastan, tukaenda Mwanza kupimwa pamoja. Sisi tulikutwa salama. Kwake walikikuta kinyama, wakakitoa siku ileile. Alipozinduka kwenye dawa ya usingizi aliomba aonyeshwe picha ya kile kinyama. Aliitazama muda mrefu.

"Ni kitu kidogo namna hii kilichommaliza kaka?"

Akalia pale kitandani kama mtoto, na daktari akatuacha naye.

Kiwandani, rafiki yako Maganga aliwasimamisha mafundi. Walikataa bima ile kuendelea mpaka mkataba useme kwamba mwenye historia ya ugonjwa huu kwao atapimwa akiwa mzima. Kampuni ilikubali, kwa kuogopa kupoteza wateja. Hilo ni jema na tunalipokea. Lakini sasa wamesimamisha bango kubwa mjini, limeandikwa "Pima mapema, tunakujali." Salu hulipita kila siku na pikipiki yake. Kila siku hutema mate.

Wewe unayesoma hapa: kama kwenu amekufa mtu kwa ugonjwa huu, nenda kapimwe ungali huna dalili. Ukiona damu kwenye choo, usikae nayo ukiiita bawasiri. Na wakikuambia urudi ukiumwa, usiondoke kimya kama tulivyoondoka sisi.

Misa ya kukuombea itasomwa Kasoli Jumapili hii, na kwaya itaimba.

Unakumbukwa na mkeo Felisita, wanao Joyness, Salu na Dastan, mdogo wako Limbu, ambaye yu hai, Maganga na mafundi wenzako, wanakwaya wenzako, na wote uliowatengenezea majembe.

Wabeja, asante sana, Baba, kwa kila kitu. Hatutakusahau kamwe. Nao waliokufukuza ukiwa mzima, wakakufukuza tena ukiwa mgonjwa, hao pia hatutawasahau.