Shikamoo Iliyotoka kwenye Simu ya Sidi

Dada yangu Kadzo, shikamoo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu siku hizi siviamini vidole vyangu, na sababu unaijua. Jirani yetu aliyeleta ile simu ya Sidi anarudi huko Arabuni kesho, na ndiye atakayekupa barua hii mkononi.

Nianze na lililo moyoni. Nina wivu, dada. Sidi binti yako nimemlea tangu ana miaka sita, tangu siku uliyoondoka hapa Junda na begi moja kwenda kufanya kazi kwenye nyumba za watu. Alipougua surua nimemuuguza mimi, nywele zake nimezisuka mimi kila Jumamosi ili Jumapili aende kanisani ameng'ara. Miaka minane ananiita mama mdogo, na miaka minane likimfika jambo alikuja kwangu. Halafu ukamletea simu, imeviringishwa kwenye taulo, akawa anacheka peke yake barazani. Nikimwuliza anacheka nini, ananijibu, "Ni mama." Uliye mbali ukawa karibu naye kuliko mimi niliye jikoni.

"Mwangalie na hiyo simu," uliniambia. Nami nikaitumia ruhusa yako kulisha wivu wangu. Siku moja Sidi akiwa shule, niliipeleka simu kwa fundi kule Kongowea, nikamwambia nataka kila meseji inayoingia na kutoka kwake ionekane na kwangu. Namba ya siri nilikuwa nimeshaiona akiibonyeza. Nilijiambia namlinda na watu wabaya, lakini nilikuwa natafuta kujua anakwambia nini wewe.

Ndivyo nilivyojua kwamba mtoto amevunja ungo. Wewe ulijua siku ileile. Mimi ninayelala naye nyumba moja alikuja kuniambia baada ya wiki mbili, ikanibidi nishike mdomo, nishtuke kama ndio kwanza nasikia. Nikamkumbatia, nikamchemshia maji ya kuoga. Kisha nikaingia chumbani nikalia, na sikuwa nalia kwa furaha.

Ikaja siku ya aibu. Ulimtumia ujumbe wa sauti: "Hizo alama za hesabu usimwambie mama mdogo kwanza. Wamjua, ana hasira za karibu." Ulisema kwa ile sauti ya kubembeleza, ambayo ilikuwa yangu mimi tangu ukinibeba mgongoni. Damu ilinipanda. Nikaandika palepale kwenye simu yangu, nikisahau kwamba humo nimo ndani ya meseji za Sidi: "Shikamoo dada. Ni nani mwenye hasira za karibu?" Nikatuma. Maishani mwangu sijakuandikia neno bila kukuamkia kwanza, hata niwe nimefura vipi. Ujumbe ukakufikia kwa jina la Sidi. Nawe kwa mazoea ukajibu, "Marahaba."

Sidi alikuwa mezani na daftari lake, simu iko mbele yake. Akasoma, akaniangalia.

"Mama mdogo, tangu lini?"

Kwa siku tano nilipomwita aliitika "abee" na basi, hata chakula alikula akiangalia sahani. Nilidhani nimempoteza, na nikakukasirikia wewe, ambaye hukuwa umefanya lolote.

Katika siku hizo nilikuwa nikikumbuka Frere Town, dada, kile chumba chetu cha dirisha moja. Nilikuwa na umri kama wa Sidi ulipookota barua ya yule kijana wa kwaya ndani ya kitabu changu cha sayansi. Ungeweza kumpelekea mama. Uliiweka juu ya mto wangu, haijafunguliwa, ukasema, "Ukitaka niijue, nisomee mwenyewe." Nilikusomea jioni ileile, yote, mpaka makosa yake. Nikajiuliza kwa nini wewe uliweza na mimi sikuweza.

Siku ya sita nikamwomba Sidi radhi, nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa na wivu. Alishangaa kuliko alivyoshangaa siku ile. Tukaenda kwa fundi pamoja, akatenganisha simu zetu Sidi akishuhudia. Kisha tukakaa tukapatana. Simu inalala sebuleni kwenye chaji. Mtu asiyemjua hamjibu. Namba ya siri ninayo, lakini nikitaka kuangalia, naangalia yeye ameketi kando yangu. Na akinionyesha jambo la kutisha, simu haitanyang'anywa. Aliyaandika kwenye karatasi akayabandika juu ya meza, na mwisho akaongeza la kwake: "Mama mdogo haruhusiwi kujibu meseji." Alipoliandika hilo alicheka, nami nikapumua.

Sasa sikia la jana jioni. Nilikuwa nachovya viazi vya karai, mikono yote imejaa unga na bizari. Sidi akaja jikoni, akanishikia simu mbele ya macho.

"Mama mdogo, tazama hii."

Kuna mtu asiyemfahamu anayesema anaijua shule yake, anataka picha yake akiwa na sare. Niliusoma ujumbe mara mbili.

"Umemjibu?"

"La."

"Mama yako umemwambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

Tulihifadhi picha ya ule ujumbe, tukamfungia yule mtu asiweze kumwandikia tena, na leo asubuhi nimekwenda naye kwa mwalimu wake wa darasa. Shule imelichukua jambo hilo kwa uzito, nami kwa sasa nitakuwa nampeleka na kumrudisha mwenyewe. Niliogopa sana, dada, nisikufiche. Lakini katikati ya hofu ile nilifurahi, furaha ya kuona aibu kuisema, kwamba safari hii wa kwanza kuambiwa hukuwa wewe.

Jumapili akikupigia atakusimulia. Tafadhali shika mdomo, shtuka kama ndio kwanza unasikia. Mimi nimeshafanya hivyo, najua kunavyouma. Sasa ni zamu yako.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye hasira za karibu.