Almasi ya Tanuri la Baba

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Butula sote wazima, na mama yako amemaliza kuvuna mahindi. Umeniuliza kama kweli almasi na makaa ni kitu kimoja. Swali lako limenipandisha hasira ya zamani.

Nikiwa msichana, mfanyabiashara mmoja kutoka Malaba alimwambia baba yangu, mchoma makaa, kwamba makaa yakichomwa zaidi hugeuka almasi. Baba akalifunika tanuri kwa udongo na mawe, akaniweka nililinde upepo usiingie. Siku ya saba tulifukua majivu matupu.

"Ulilala, udongo ukapasuka!" alifoka. Alinilaumu mpaka akafa.

Kumbe kitabu chako cha shule, kama ulivyoninakilia katika barua yako, kinasema vyote viwili ni kaboni, lakini almasi hutengenezwa chini kabisa ya ardhi, kwa joto kali na mgandamizo wa kutisha, kwa mamilioni ya miaka. Tanuri gani la Butula lingeweza hayo? Yule mtu alijua nusu ya jambo, akalisema kama zima, na lawama nikabeba mimi!

Ukija likizo, lete hicho kitabu. Twende kaburini kwa baba, umsomee kwa sauti. Mimi sikulala.

Kukhu wako