Vidonge vya Eneida

Doña Herminia mpendwa,

Nisaidie katika safu yako ya ushauri gazetini, maana nimeharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Nachuma nyanya huku New Jersey tangu Aprili, mke wangu Eneida yuko nyumbani kisiwani, Río Piedras, na watoto wetu watano, na uzazi wa mwisho alivuja damu mpaka padri akaitwa, mkunga akasema wa sita utamzika. Mwaka huu mama mmoja wa kliniki anapita nyumba kwa nyumba na vidonge vipya vya kuzuia mimba, kimoja kila siku kwa siku ishirini, akirudi anahesabu vilivyobaki chupani, na Eneida akaniandikia kwa furaha kwamba hajakosa hata siku moja, ingawa kichwa kinamwuma na anatapika. Barua nikaisoma kwa sauti, kama tunavyosomeana zote kambini kila Jumapili. Chago, mchumaji mwenzetu, akasema, "Ndugu yangu, wewe uko huku, sasa vidonge anammezea nani?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami siku hiyo hiyo nikaandika: acha, la sivyo usinitazamie.

Amejibu mistari michache. "Nimeacha. Mwaka jana ulikuja bila kutuma habari. Safari hii nilitaka unikute tayari."

Novemba narudi. Nimwambie aanze tena vidonge, ilhali vinamwumiza?

Evaristo

Evaristo,

Huyo Chago atakulelea watoto watano mama yao akizikwa? Vidonge hivi humezwa siku zote ishirini, mume awepo asiwepo, na Eneida alilijua hilo kuliko kambi yenu nzima. Umemwadhibu kwa kukungoja.

Lakini dawa bado inajaribiwa, na inajaribiwa kwenye miili ya wanawake wetu. Kichwa na kutapika asimfiche mama wa kliniki, wala siku alizoacha. Amwulize wengine wameimeza muda gani na ikawafanyaje. Asiporidhika, akatae, akatafute njia nyingine kwa daktari. Kuanza tena ni neno lake, si lako.

Lako ni hili. Omba radhi, utaje na siku utakayofika. Ukifika, tundika kitanda cha wavu sebuleni ulale humo mpaka daktari aseme ni salama; umengoja miezi saba, siku ishirini hazitakuua, yeye mimba itamwua.

Na hiyo barua ya radhi, kabla hujaitia posta, isome kwa sauti kambini Jumapili. Chago akae mbele.

Doña Herminia