Wote tulichovya, mimi nikaletewa sahani yangu

Mwenzangu, bomba linavuja jikoni na mimi nimekaa gizani na hasira zangu.

Ule mgahawa wa Walebanoni! Hummus, ile rojo yao ya dengu, ikawekwa katikati, wote tukawa tunachovya mkate. Niliponyoosha mkono tena, wifi akamwita mhudumu: "Huyu mletee sahani yake, asitutie vidole kwenye chakula."

ASITUTIE VIDOLE! Na yeye vyake vimelowa mafuta!

Mume wangu akacheka. Jamani, alicheka!

Kwenye gari nikamuuliza mume wangu kwa nini alicheka. "Nilicheka saa ngapi? Hata sikumsikia. Wewe unapenda kukuza mambo."

Alivyokaza uso, nikaanza kujishuku mwenyewe.

Kumbe mwanangu hakuwa amelala kiti cha nyuma. Akasema kwa sauti, "Baba, wewe ulicheka."