Mzabibu Alioacha Tekla

Jumatatu, 9 Septemba
Nimefagia chini ya mzabibu kama kila asubuhi. Majani debe zima. Tunda hakuna. Mwaka wa sita huu.
Ni zabibu nyeupe. Bwana shamba anaiita Shenini. Kwao Dodoma wanaipanda mashamba kwa mashamba, nchi kavu, jua kali, wanakamua divai nyeupe. Anasema hapa Mapera kuna baridi na ukungu, haitaweza. Nikamwambia mimi nilipanda kahawa mahali wataalamu walisema pataota mawe. Ikaota kahawa. Waulize wote.
Kijiti alileta mke wangu, Tekla. Alipewa na sista aliyetoka Dodoma. Alitaka siku moja padre asome misa kwa divai ya kwetu.

Jumanne, 10 Septemba
Bwana shamba kapita. Shikamoo yake nzuri, maneno yake mabaya.
"Mzee, mzabibu usiokatwa ni kamba ya majani. Ukate mpaka uuonee huruma. Ndipo utazaa."
Egno, jirani yangu, alikuwa amekaa kwenye gogo langu. Akacheka. "Huyu anafuga majani. Anangoja mwenye mti atoke ziwani aje amkatie."
Nilitamani kumpiga kwa jembe.
Tekla alisimama hapa mlangoni akasema nisiuguse mzabibu mpaka arudi. Eti mkono wangu mzito. Akashuka ziwani, Mbamba Bay, kwa dada yake. Wakapanda boti kwenda msibani Liuli, ikapinduka. Dada akaokolewa. Wengine walipatikana, wazima na maiti. Tekla hakupatikana. Mwaka wa tatu unaingia.
Ndugu zake wanataka tuzike mgomba badala ya mwili, wanavyofanya mtu akipotelea majini. Nimewakatalia mara tatu. Tekla ni Mnyasa, mtu wa ziwa, anaogelea kuliko samaki mbasa. Hajafa. Kandambili zake ziko mlangoni na zitakaa hapo.

Jumatano, 11 Septemba
Nimeukata.
Ni maneno ya Egno yaliyonipandisha hasira. Nilichukua mkasi wa kahawa. Hakuna mtu Mapera anayeshika mkasi kama mimi. Umebaki shina na mikono miwili mifupi. Tekla akirudi akute zabibu, atanyamaza mwenyewe.
Matawi sikuchoma. Mmatengo hachomi kitu kinachooza. Nilichimba ngoro moja, shimo letu la kulimia, nyuma ya nyumba, ingawa si msimu wake. Nikayalaza matawi chini kama tunavyolaza nyasi, nikayafukia kwa udongo wa shimo. Ngoro ina matuta manne kuzunguka shimo. Yalitosha tuta moja tu. Pande tatu nimeziacha wazi.
Mgongo unauma. Kazi nzuri.

Ijumaa, 13 Septemba
Mzabibu unatoa maji. Kila nilipokata. Maji meupe, safi, tone baada ya tone. Mkahawa haufanyi hivi. Nimekata mikahawa miaka hamsini.
Nikamtuma mtu amuulize bwana shamba. Jibu: ni kawaida, mizabibu yote hulia ikikatwa joto likianza. Wiki moja utakoma.
Hulia. Hilo neno silipendi.

Jumamosi, 14 Septemba
Chini palikuwa tope, nimetega bakuli. La bati, ambalo Tekla alikuwa analowekea usipa, dagaa wa kwao. Jioni limejaa. Sikujua maji hayo nimwage wapi. Njiani watu wanapita, watakanyaga. Nikayamwaga juu ya lile tuta.

Jumamosi, 21 Septemba
Wiki imeisha na bado.
Maji yananuka usipa. Nililisugua bakuli kwa majivu, mara mbili, nikalianika juani. Bado yananuka. Mbwa hapiti tena upande ule. Anazunguka nyumba nzima kufika jikoni.
Egno kaja, kanusa, kasema ni bakuli. Lakini hakukaa. Mtu ambaye haondoki hapa mpaka umpe uji.
Naendelea kumwaga pale pale.

Jumapili, 29 Septemba
Sikwenda kanisani. Nilisema goti.
Si goti. Nilikuwa nasikiliza. Tone, tone, kimya kidogo. Tone, tone, kimya kidogo. Tekla alivunjika mguu wa kushoto akiwa msichana. Alitembea hivyo hivyo. Nilikuwa najua kwa mlio tu kwamba anatoka kisimani.
Nimeandika, basi. Haya ni yangu, hakuna atakayesoma.
Ninaogopa. Mimi niliyelala na chui shambani nikiwa kijana.

Jumanne, 8 Oktoba
Bwana shamba kaja mwenyewe. Kashika shina, kaonja maji kwa kidole. Akatema. Kisha akasema labda huku maji ya chini ni mengi. Huku ni mlimani. Maji ya chini yatoke wapi.
Anasema machipukizi yametoka vizuri. Kweli, yametoka. Lakini bado unadondosha.
"Mzee, uliukata wewe mwenyewe au ulipewa ruhusa?" Alikuwa anatania. Sikucheka, naye akaacha.

Jumapili, 20 Oktoba
Barua kutoka Mbamba Bay. Zenobia, dada yake Tekla. Wanapanda kuja huku siku ya Marehemu, na safari hii hawaombi. Watakuja na khanga zake, na mgomba wa kuzika watakata kwangu.
Waje. Migomba ni yangu na panga ni langu.

Alhamisi, 24 Oktoba
Leo bakuli kavu. Maji yamekoma.
Nilidhani nitafurahi. Nilikaa na bakuli mapajani mpaka jua likapanda.

Ijumaa, 25 Oktoba
Tuta limeota.
Mvua haijanyesha. Kila mahali pakavu, nyasi ni kahawia. Lile tuta tu ndilo limetoa majani, madogo, mekundu pembeni, ya mzabibu. Nilifukia takataka zioze. Hazikuoza. Kumbe kila jioni nilikuwa nazinywesha.
Hayakuota ovyo. Yameanza mwisho mmoja yakaishia mwingine, katikati yamepanuka. Nililitazama nikiwa mlangoni, nikaingia ndani, nikatoka tena.
Nikaenda nikalala chini kando yake kupima. Miguu sawa na mwanzo wa majani. Yaliishia sikioni mwangu.
Tekla alikuwa ananifikia sikioni.
Egno akatokea. "Mzee, umeanguka?" Nikamwambia napumzika. Akaangalia tuta, akaniangalia mimi. Akavua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia.

Jumamosi, 2 Novemba
Wamekuja watano, wamechoka na kilima. Panga nilikuwa nimelishika. Nilikuwa na maneno tayari, makali.
Zenobia hakunisalimu. Alipita kandambili za mlangoni, akafika nyuma ya nyumba kutafuta mgomba. Akasimama. Nikasubiri aanze ugomvi.
Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akakunja miguu kama mtu aliyefika msibani. Khanga kaziweka mapajani.
"Shemeji," akasema, taratibu. "Kumbe ulishamzika. Lini?"
Nilitaka kusema hajafa. Mdomo ulifunguka kwa ajili ya hilo.
Nikasema, "Tarehe kumi na moja Septemba."
"Mbona hukutuita?"
"Sikujua."
Akalia. Wote wakalia. Mgomba haukukatwa. Katekista aliitwa akasali, Egno akaleta msalaba wa mti, akaupigilia upande wa kichwa bila kuuliza kichwa kiko wapi. Walitandaza khanga moja juu ya majani, kisha wakaikunja wakanipa.
Nami nililia. Si kidogo.

Jumatatu, 18 Novemba
Mvua ya kwanza imenyesha. Imeiogesha nchi yote.
Bwana shamba anataka miche ile ya kwenye tuta ing'olewe, aipeleke kujaribu Tingi, chini kwenye joto. Anasema ni miche mizuri kuliko ya kwao. Najua. Nimemkatalia.
Mzabibu una vishada vitatu. Punje ndogo kama mtama, za kijani. Nyeupe gani hiyo, Tekla angesema.
Kandambili nimeziosha, nimeziweka ndani ya sanduku pamoja na khanga. Mlangoni pamebaki alama mbili safi kwenye vumbi. Nimefagia chini ya mzabibu. Mlangoni sijafagia bado.